Pishi Moja ya Apolonia

Kasmiri alimpata Eufrasia kwa unyayo. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, mwaka 1955. Soko la Ifakara limefurika mpaka kwenye vibaraza vya maduka, samaki wabichi wanang'aa juu ya majani ya mgomba, mchele mpya unanukia kila upande. Kasmiri, karani wa mashine ya kukoboa mpunga, anatembea kinyumenyume katikati ya wauzaji: shati jeupe, kaptura ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi, soksi mpaka magotini. Mdomoni ameweka pembe ya bati aliyotengenezewa na fundi wa madebe.

"Jumapili ijayo ni Siku ya Vikapu! Wagonjwa wetu wa hospitali wasio na ndugu wanawangoja! Njooni na vikapu, jamani, njooni na vi..."

Kra! Mguu ukazama.

"We bwana! Unaita watu walete vikapu, na wewe mwenyewe unavikanyaga?"

Aligeuka. Msichana alikuwa ameketi mkekani kati ya vikapu vya ukindu, gauni la manjano lenye maua, nywele zimesukwa mistari, mikono inang'aa mafuta ya nazi. Pembe ikashuka yenyewe.

"Nisamehe, dada. Nitakinunua."

"Cha nini? Hakifai hata kubebea maboga."

"Nitakitundika ukutani."

"Ukutani! Kwani kwenu hamna picha?"

"Sasa nimeipata."

Eufrasia alicheka, kisha akajifanya hakucheka. Wauza nyanya wakaguna kwa pamoja, maana wauza nyanya hawapitwi na kitu.

Basi wiki nzima ile, mashine ikishazimwa, Kasmiri alikokota baiskeli yake kumsindikiza Eufrasia hadi kivuko cha Lumemo, kwenye njia ya kwenda kwao Michenga. Walienda polepole ajabu. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mbugani, unawafunika miguu, na wao wanapita juu yake kama watu wa ndotoni.

"Nyumbani kuna nani?" aliuliza Kasmiri.

"Mama tu. Utamwona Jumapili."

"Nimwambie nini?"

"Shikamoo inatosha kwa kuanzia. Wewe una maneno mengi mno."

Kweli alikuwa nayo. Siku ya Vikapu ilikuwa na desturi yake: kila nyumba inaleta mpunga uwanjani mbele ya kanisa, Mzee Wendelin wa kamati ya kanisa anaandika, Kasmiri anasoma kwa pembe, nyumba na kiasi chake. Kikapu kikubwa kilipigiwa vigelegele. Kidogo kilipata mzaha. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na hakuna aliyeona ubaya. Au walioona walinyamaza.

Jumapili ile Kasmiri alikuwa amelewa mapenzi, na mlevi hapimi maneno. Akasoma:

"Nyumba ya Apolonia, Michenga: pishi moja! Hee! Mama huyu ameleta sadaka au amemwagia kuku?"

Uwanja ukaangua kicheko. Kasmiri naye akacheka, akainua macho, akaona gauni la manjano. Eufrasia alikuwa amemshika mkono mama mmoja mwembamba, na yule mama alikuwa anajifunika uso kwa kanga. Wakageuka, wakaondoka. Hawakukimbia. Afadhali wangekimbia.

Barua nne alimpa Donati, muuza samaki wa Michenga, azipeleke kwa Eufrasia. Zote nne zilirudi hazijafunguliwa, zinanuka kambale.

"Amesema nini?" aliuliza Kasmiri.

"Amesema nikuulize kama umemaliza kucheka."

Mwaka mzima ukapita hivyo. Kikapu kilichokanyagwa kilining'inia ukutani kwake Lipangalala, na kila akiamka ndicho cha kwanza kukiona. Moyo ulimuuma, nasema wazi.

Siku ya Vikapu ya mwaka 1956 ilipofika, uwanja ulipwaya. Nyumba zilizokuwa mia mbili hazikufika themanini. Kamati ikawaka: watu wamekuwa wachoyo! Mmoja akataka atakayeleta kikapu kikubwa kuliko vyote azawadiwe kanga. Mwingine akataka pembe ya pili. Kasmiri alipanda baiskeli akaenda Michenga.

Alimkuta Apolonia anatwanga. Eufrasia alikuwa kibarazani anasuka. Alimwona, akainamia ukindu wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, bwana karani. Leo huna pembe?"

Kasmiri alipiga magoti palepale kwenye pumba, na kaptura yake ya pasi.

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Na kuuliza. Kwa nini watu wameacha kutoa?"

Apolonia aliegemeza mchi. "Nani kakwambia tumeacha? Nenda kawaulize wagonjwa. Kila mwezi wanawake wa huku tunapeleka mpunga hospitali kwa mlango wa nyuma. Hatukuacha kutoa, mwanangu. Tumeacha kutangazwa."

"Mwaka ule maji yalichukua shamba lote," Apolonia aliendelea, bila hasira. "Ndani tulikuwa na pishi mbili."

Machozi yalimtoka, mtu mzima na soksi zake. Kisha akasema, "Mama, nipe kipande cha shamba nilime. Nataka kuijua hiyo pishi moja."

Kibarazani kukasikika sauti: "Karani, jembe halichovywi wino."

Lilikuwa neno la kwanza katika mwaka mzima. Kasmiri alilipokea kama mvua ya kwanza.

Alilima Jumamosi na Jumapili, viganja vikachubuka, mgongo ukagoma. Mpunga ulipoanza kuiva, akahamia kwenye dungu lake, kibanda cha juu ya nguzo, kama wenyeji wote, kulinda mpunga usiliwe na ndege, na asubuhi akaendesha baiskeli kwenda kazini. Pembe ya bati sasa ilifukuza kwelea. Dungu la Apolonia lilikuwa ng'ambo ya majaruba matatu. Jioni, jua likilainika na bonde zima likinuka maji na majani, Kasmiri alipiga simu yake ya pembe, kama ile ya ofisini.

"Haloo! Haloo, dungu la Apolonia! Naomba kuzungumza na Eufrasia!"

Eufrasia alikunja viganja mdomoni. "Hayupo! Ameenda kununua masikio mapya!"

"Mwambie nampenda!"

Mpunga ukayumba, ukatulia.

"Waya umekatika!" akajibu Eufrasia. Lakini alicheka, na safari hii hakujifanya.

Ushauri wa Kasmiri kamati iliukubali kwa shingo upande: vikapu vyote viwe vya kimo kimoja, vyenye vifuniko, na jina la mtu lisitajwe. Eufrasia na wanawake wa Michenga walivisuka masika yote. "Sivisuki kwa ajili yako," alimwambia. "Ni kwa ajili ya kina mama."

"Najua," alisema Kasmiri.

Julai 1957, watu walikuja tangu alfajiri, kutoka Lumemo, kutoka Lipangalala, kutoka mashambani huko. Kikapu cha tajiri na cha mjane vilikaa bega kwa bega, na hakuna aliyejua kipi ni kipi. Uwanja ulijaa hadi barabarani. Kasmiri alisimama pembeni, mdomo umefungwa, pembe iko mchangani.

Watu walipoanza kutawanyika, alimwendea Apolonia. Mikononi alibeba kile kikapu kilichokanyagwa, amekishona kwa kamba. Kwelea walikuwa wamemaliza shamba lake. Mpunga uliokuwamo ndio wote aliovuna.

"Shikamoo, mama. Hii si ya wagonjwa, yao nimeshatoa kwa mshahara wangu. Hii nimeleta kwako. Nina haja na mtoto wako."

Apolonia alitazama ndani. Alimgeukia bintiye.

Eufrasia, kwenye gauni lile lile la manjano, aliinama akaokota pembe. Akaipangusa mchanga kwa kanga, akaiweka mdomoni.

"Kasmiri wa Lipangalala!"

Uwanja mzima ukageuka. Kasmiri alifumba macho. Sasa ni zamu yake, na ni haki.

"Pishi moja!"

Hakuna aliyecheka.

"Nyumba ya Apolonia," akasema Eufrasia, "imepokea."