Bido Moja Katika Sufuria ya Wote

Wazazi wenzangu, sogeeni kidogo. Hapa Kirolirwe, hata miaka ile ya vita, asubuhi zilianza kwa upole: ukungu juu ya malisho, ng'ombe wakiitana, na akina mama wakishuka na mabido, madumu ya maziwa, kwenda nyumba ya Papa Viateur ya kutengenezea fromaji, yaani jibini.

Uwamariya alipenda kubaki pale na mtoto wake Aimée mgongoni. Papa Viateur alimimina maziwa ya kila boma katika sufuria moja kubwa, akayapasha moto, akatia presure, ile dawa ya kugandisha itokayo tumboni mwa ndama. Kisha kungoja. Kilichokuwa kikicheza kama maji kilishikana, kikakatwa kwa kisu, kikaingia katika kalibu na kukandamizwa kwa mawe.

"Mungu wangu! Maziwa yamesimama!"

"Bado haujazoea tu, Mama Aimée?" Papa Viateur alicheka.

"Papa, hii haizoeleki."

Juma moja barabara ilifunguka baada ya mapigano. Lori la Mama Kahambu, mfanyabiashara wa Butembo, lingepita Ijumaa kuchukua fromaji na kuacha chumvi na sabuni. Lakini ng'ombe wa Théoneste, mume wa Uwamariya, alivimba kiwele. Veterineri akamchoma sindano, akaonya: "Maziwa yake mumwage mpaka Jumapili. Hii dawa inaharibu fromaji."

Alhamisi Théoneste akajaza bido maziwa ya ng'ombe yule vilevile.

"Baba Aimée, veterineri alisema nini?"

"Bido moja mu ile sufuria yote, nani ataiona? Ao unataka tukose sehemu yetu ya chumvi na sabuni?"

Uwamariya alinyamaza. Akalibeba mwenyewe.

Ijumaa kalibu zilipofunguliwa, fromaji zilikuwa zimevimba kama mipira, laini, zinanuka. Zote, ndugu zangu! Uwamariya alijua mara moja. Bido moja tu, na jasho la kijiji kizima limeoza.

"Ni huyu mukimbizi!" Sauti iliyopaa kuliko zote ilikuwa ya Théoneste, na kidole chake kilimwelekea Nyirabagenzi, mjane aliyefika juzi kutoka upande wa Mweso na ng'ombe mmoja, naye alikuwa ameleta maziwa kama wengine. "Aende leo!"

"Niende wapi, Papa?" mjane aliuliza polepole. "Nyuma yangu kunawaka."

Watu walianza kumsogelea. Uwamariya akasimama katikati.

"Bido iko yetu. Ng'ombe wetu njo alichomwa sindano, na mimi njo nilileta yale maziwa."

"Funga kinywa!"

"Nilikifunga jana, Baba Aimée. Angalia kilichotokea."

Théoneste aliinamisha kichwa. Lori liliondoka tupu, na kijiji kikala sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Papa Viateur hakumfukuza mtu. Alimpa Théoneste kazi ya kusugua sufuria na kalibu mpaka mvua ziishe.

Jumatatu maziwa ya Nyirabagenzi yalimiminwa ya kwanza, na ya wengine yakafuata. Presure ikaingia. Kungoja. Yakashikana. Uwamariya alishika mdomo: ya mwenyeji na ya mkimbizi, hakuna jicho lingeweza kuyatenganisha. Kando yake Théoneste, brashi mkononi, naye alitazama bila kupepesa macho.

Fundisho

Tamaa ya nyumba moja huharibu chakula cha wote, na mwenye kosa hutafuta mgeni wa kumtwisha. Tusitie katika kazi ya pamoja kitu tunachokijua ni kibovu. Na ukiona ubaya nyumbani mwako, mama, sema mapema, kabla hujamimina.