Kamba za Merikebu ya Lanyero

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Biira alimsaidia mama yake kufunga mboga. Mama Eseri aliuza mchicha na majani ya maboga katika soko la Kasese, na mafungu yake yalisifika kwa kukazwa vizuri. Alichana magome makavu ya mgomba yakawa kamba, akazilowesha ndani ya beseni, akafungia mboga kamba zikiwa bado na maji. Zilipokauka, zilibana hasa.

"Kamba kavu hukatika," Mama Eseri alizoea kusema. "Ilowanishe kwanza, mwanangu, nayo itakusikiliza."

Biira alikuwa na vidole vyepesi, na darasa la sita zima lilijua. Kwenye vikapu alikuwa wa kwanza, kwenye mikeka wa kwanza, hata kwenye mifagio. Mwalimu Semakula alikuwa amempa ufunguo wa kabati la kazi za mikono. Biira aliuvaa shingoni kwa uzi, juu ya sare, ili kila mtu auone. Maringo yapo, jamani, hata kwa watoto wa miaka kumi na miwili.

Muhula wa pili akaja msichana mgeni, Lanyero. Baba yake, Koplo Oryem, alikuwa amehamishiwa kambi ya askari ya Kasese kutoka kaskazini. Lanyero alikuwa mrefu, mpole, na alizungumza Kiswahili cha kambini. Siku za mwanzo Biira hakumjali. Mgeni ni mgeni tu, alifikiri.

Kisha Mwalimu Semakula akaja darasani na picha aliyokata kwenye kalenda ya zamani. Ilikuwa picha ya merikebu kubwa yenye vitambaa vyeupe vilivyojaa upepo.

"Mwalimu, hawa watu wamefua mashuka?" aliuliza Masereka, mvulana wa dawati la nyuma.

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka. "Hayo ni matanga, Masereka. Upepo huyasukuma, merikebu ikaenda. Mti huu uliosimama unaitwa mlingoti. Na mnaziona kamba hizi? Hizi ndizo zinazoushika mlingoti. Kamba zikiharibika, merikebu inakuwa gogo tu."

Akawaambia kwamba kila mwanafunzi atatengeneza merikebu yake ndogo. Itakayopendeza na kwenda vizuri majini itapelekwa Bwera, kwenye maonyesho ya kazi za mikono za shule zote, na aliyeitengeneza atapanda lori kuipeleka mwenyewe.

Bwera! Moyo wa Biira uliruka. Shangazi yake, Bulandina, aliuza vitenge huko Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Wiki ile ile shangazi alipita Kasese na mizigo yake, akampa Biira kipande cha kitambaa cheupe cha matanga.

"Kitambaa iko hii, mutoto yangu," alisema. "Lakini ukuye na ile merikebu Bwera, nionyeshe batu bote kwa soko."

"Nitakuja nayo, shangazi," Biira alijibu bila kusita.

Kazi ikaanza. Mwalimu aliwaletea vipande vya mti mwepesi kutoka Kahendero, ule ambao wavuvi huufanyia maboya ya nyavu. Walichonga kwa visu, wakalainisha kwa majani ya msasa, wakapachika vyuma vizito chini ili merikebu zisipinduke. Biira alisimamisha mlingoti wake, akaufunga kwa kamba za mgomba alizozilowesha kama mama alivyomfundisha. Zilipokauka, zilikaza mpaka zikalia zilipoguswa. Alitabasamu, akainua kichwa kungoja sifa.

"Hebu njooni nyote muone hapa!" Mwalimu Semakula aliita. Lakini hakuwa kwenye meza ya Biira. Alikuwa amesimama kwa Lanyero.

Merikebu ya Lanyero ilikuwa nyembamba na ndefu, mlingoti wake wa tete, matanga yake matatu yamekatwa kwenye mfuko wa unga. Kamba zake alikuwa amezitoa kwenye kamba kuukuu ya hema la askari, akaifumua nyuzi nyuzi, akazisokota upya zikawa laini. Ilifanana na ile ya kalenda hasa. Wanafunzi walisukumana ili waione.

Wivu ulimwingia Biira. Aliona kama mtu amemnyang'anya kitu mkononi mchana kweupe. Yeye ndiye wa kazi za mikono! Nani hajui? Akajipenyeza katikati ya wenzake, akatazama, akapata alichokuwa anatafuta.

"Kamba zake zimelegea," alisema kwa sauti. "Utadhani ni za kuanikia nguo!"

Wenzake wakacheka. Lanyero hakukasirika. Walipotawanyika alimsogelea Biira, akamweleza polepole: "Hii kamba ya hema. Ikikunywa maji inajikaza yenyewe. Mvua ikikuja, baba anakimbia kulegeza, ama hema inang'oka. Ndiyo mimi naacha nafasi. Wewe nikupe kidogo? Hii yako ya mgomba, kwa maji, mimi sijui..."

"Sitaki," Biira alijibu. "Kwetu hatuombi kamba za jeshi."

Jioni kabla ya siku ya majaribio, wanafunzi waliweka merikebu zao kabatini wakaenda nyumbani. Biira alibaki ili afunge. Aliitazama merikebu ya Lanyero. Kadiri alivyoitazama ndivyo ilivyozidi kupendeza, na ndivyo roho yake ilivyozidi kuuma. Aliona lori likiondoka kwenda Bwera na Lanyero juu yake. Akamwona shangazi Bulandina sokoni akiuliza, "Na Biira wetu iko wapi?"

Vidole vyake vikaanza kazi. Hakukata kitu. Hakuvunja kitu. Alifungua fundo moja baada ya jingine, akavuta kamba mpaka mwisho, akafunga tena.

"Unafanya nini, Biira?" Mwalimu Semakula alikuwa mlangoni.

Biira alishtuka. "Na... nakaza kamba za Lanyero, mwalimu. Zilikuwa zimelegea."

"Vizuri sana! Huo ndio moyo ninaoutaka. Si kila mtu angemsaidia mwenzake hivyo." Mwalimu alimpiga begani taratibu akaenda zake. Sifa aliyokuwa akiingoja wiki nzima ilikuwa imekuja, na ilimchoma kama pilipili.

Kesho yake darasa lilipanda tela la trekta mpaka Mubuku, kwenye mfereji wa kumwagilia mashamba. Upepo ulikuwa unavuma kutoka milimani. Mwalimu aliwapanga kando ya maji, kila mmoja na merikebu yake. Lanyero alizigusa kamba zake, akashtuka.

"Nani amekaza?" aliuliza, akaanza kufungua fundo haraka haraka. Biira aliangalia upande wa mashamba ya mpunga. Filimbi ikalia, na Lanyero hakuwa na la kufanya ila kuiachilia merikebu yake pamoja na wenzake.

Kwanza ilizipita zote. Wanafunzi waliimba jina la Lanyero, wakikimbia ukingoni. Lakini mawimbi madogo yalikuwa yanairushia maji, na kamba zikayanywa. Mlingoti ukaanza kupinda, ukapinda zaidi, kisha kaa! ukakatika katikati. Matanga yakaanguka majini.

Biira hakuwahi hata kufurahi. Merikebu yake mwenyewe ilikuwa inayumba. Kamba zake za mgomba zilipolowa zilikuwa laini kama siku alipozitoa kwenye beseni, zikalegea, na mlingoti ukalala kifudifudi. Masereka, ambaye mlingoti wake ulikuwa mnene kama mchi na umefungwa kwa mipira ya baiskeli, akazipita zote mbili huku akipiga vigelegele peke yake.

"Hongera, Masereka," alisema Mwalimu Semakula akijifuta machozi ya kicheko. "Lakini tukiipeleka hiyo Bwera watasema kinu kimetoroka jikoni. Rekebisheni. Ijumaa ijayo tutarudia." Kisha akamgeukia Lanyero. "Kwani kamba hizi, Biira alipokusaidia jana, zilikazwa kupita kiasi?"

Lanyero alikuwa ameshika vipande vya mlingoti. "Ni makosa yangu, mwalimu," alisema. "Mimi sikumweleza Biira vizuri. Yeye alitaka kunisaidia tu."

Biira aliinama kukusanya matanga yake yaliyolowa.

Nyumbani hakugusa chakula. Alijua la kufanya: angepata uzi wa nyavu kutoka Kahendero, afunge mlingoti wake upya, na Ijumaa Bwera ingekuwa yake. Lanyero hakuwa na tete nyingine nzuri, na hakuna aliyemshuku yeye. Kila kitu kilikuwa kimekaa sawa, na bado alitaka kulia.

"Mama," aliuliza mwishowe, "kamba ya mgomba ikirudi majini inakuwaje?"

"Inalegea, bila shaka," Mama Eseri alijibu akicheka. "Sisi tunafungia mboga na uzio, mwanangu. Nani alikwambia mgomba unafunga vitu vya kukaa majini? Na yule mtoto wa kambini unayemtaja kila siku alifungia nini?"

Biira akaangua kilio. Akasema yote, hata lile la Mwalimu kumsifu. Mama Eseri hakumpiga wala hakumkemea. Alijifunga kitambaa kichwani.

"Simama. Twende kambini kabla giza halijaingia."

"Mama! Baba yake ni askari!"

"Hata angekuwa jenerali. Twende."

Walimkuta Koplo Oryem mlangoni akipiga viatu vyake rangi, na Lanyero akiosha vyombo.

"Shikamoo, afande," Biira alisema. "Nimekuja kusema kwamba... ni mimi niliyekaza kamba. Lanyero alinieleza vizuri. Nilielewa."

Lanyero aliweka sufuria chini. "Ulijua itavunjika?"

"Nilijua."

Lanyero akageuka, akaingia ndani na kufunga mlango. Biira angependa zaidi kama angepigwa kofi.

"Umesema hapa," Koplo Oryem alisema kwa sauti nzito. "Kesho sema mbele ya mwalimu na darasa yote. Umesikia?"

"Ndiyo, afande."

Alisema. Kesho yake alisimama mbele ya darasa zima, akaeleza yote. Mwalimu Semakula hakugomba. Alinyoosha mkono tu, na Biira akavua uzi shingoni, akamkabidhi ufunguo. "Merikebu yako haitashindana," alisema Mwalimu. "Na nilikusifu, Biira. Hilo ndilo linaloniuma."

Kijana mmoja wa jirani alikuwa amemletea Biira mwanzi mwembamba kutoka juu mlimani, mkavu na mgumu. Biira alikuwa ameuweka kwa ajili ya merikebu yake mwenyewe. Aliuleta shuleni akauweka juu ya meza ya Lanyero. Lanyero hakuugusa. Kesho yake ulikuwa bado pale pale. Biira alirudi mahali pake akaendelea kufagia vumbi la msasa, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyobakiwa nayo.

Ilikuwa karibu na Ijumaa aliposikia sauti nyuma yake: "Hii mwanzi yako imenyooka. Kuja, shika hapa, mimi nifunge."

Akaenda, akashika. Lanyero alifunga, Biira alishika. Baadaye Biira alifunga, Lanyero akashika. Vidole vya Biira vilitaka kuvuta mpaka mwisho kama vilivyozoea. Akavizuia, akaacha nafasi.

Ijumaa mwanzi haukupinda hata kidogo. Kamba zililowa, zikajikaza taratibu, zikaushika mlingoti wima, na merikebu ya Lanyero ikateleza mpaka mwisho wa mfereji. Masereka ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote.

Siku ya safari, lori lilisimama mbele ya shule. Koplo Oryem na Mama Eseri walikuja kuaga. Lanyero alikuwa amekaa juu, merikebu mapajani, kamba zake zimekazwa kidogo ili ipendeze kwenye maonyesho. Biira alisimama chini, mikono mitupu. Wivu ulikuwa bado upo, tusidanganyane; aliuona ukinyanyuka tena alipolitazama lile lori. Mawingu meusi yalikuwa yanashuka kutoka milimani.

"Mvua inakuja," Koplo Oryem alisema. "Biira! Panda, legeza kamba."

"Mimi, afande?"

"Wewe. Umejifunza, sivyo?"

Biira akapanda, akalegeza kamba moja moja, huku Lanyero akimshikia merikebu. Aliposhuka, Koplo Oryem aliinama mpaka macho yao yakalingana.

"Sikia, mtoto. Wivu inaingia kwa kila mtu, hata kwa mimi mwenye kofia hii. Ukiisikia inavuta ndani, legeza mapema. Msifu mwenzako, ama muombe akufundishe. Ukinyamaza, inajikaza yenyewe, na siku moja inavunja kitu ya mtu mwingine na ya kwako pia."

"Na ukivunja," Mama Eseri aliongeza, "nenda ukaseme mwenyewe, kabla mwenzako hajabeba kosa lako."

Injini ikanguruma. Biira alikimbia kando ya lori hatua chache.

"Ukimwona shangazi Bulandina sokoni, mwambie nilichofanya!" alipaza sauti. "Mwambie kwa nini sikuja!"

"Nitamwambia," Lanyero alijibu kutoka juu. Aliinua merikebu ili Biira aione vizuri kwa mara ya mwisho. "Na nitamwambia mlingoti ni yako."

Matone ya kwanza yakaanza kudondoka. Biira alisimama barabarani akilowa, akaliangalia lori mpaka likapotea upande wa Bwera. Kisha akamshika mama yake mkono, wakarudi sokoni kufunika mboga.