Fundi Hauzi Huruma

Foleni ya duka la kuchapisha ilifika mpaka mlangoni asubuhi ile. Fundi viatu, gauni la samawati, kilemba cha manjano, alikuja kuchapisha vipeperushi vyenye anwani ya tovuti yake. Mbele yake kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likapigika, alikuwa akiburuta mguu.

"Kaka, kiatu chako kinacheka."

"Kinanicheka mimi, dada. Nina mkutano saa nne."

"Kivue."

Alitoa sindano na uzi mkobani, akaketi juu ya katoni akashona huku foleni ikimpita. Kijana akasoma kipeperushi.

"Tovuti yako inatembelewa na watu wangapi?"

"Jana wawili. Mimi na shangazi yangu."

Kijana akacheka mpaka akashika ukuta. "Watu huvutwa kwa maneno, dada. Ndiyo kazi yangu, kuandikia biashara za watu mitandaoni."

"Haya, basi nilipe kwa maneno, Bwana Maneno."

Jina likamganda, na penzi nalo. Simu za dakika tano zikawa za saa nzima.

"Umekula, kipenzi?"

"Bado. Nimeshiba sauti yako."

"Vizuri. Kesho usije kuniomba chakula."

Mguu wa kushoto wa fundi ulikuwa mfupi tangu kuzaliwa. Viatu vya dukani vilimtesa utotoni hata akajifunza kujishonea, na karakana aliyofungua na shangazi yake ilishonea miguu ambayo maduka huisahau: mipana, iliyopinda, isiyolingana. Mguu wake hakuuficha wala hakuutembeza.

Jumatatu moja shangazi aliingia mbio, simu mkononi. "Mwanangu, tovuti imefurika! Watu elfu tatu tangu asubuhi!"

Furaha ilikatikia kwenye ujumbe wa kwanza. *Pole sana, dada.* Wa pili: *Nina nguo kuukuu, nikuletee?* Hakuna hata mmoja aliyeulizia kiatu. Akafuata walikotoka, akatua kwenye ukurasa wa Bwana Maneno. Hapo palikuwa na picha ya fundi akishuka ngazi, na juu yake: *Kilema huyu anapigana na maisha. Bonyeza hapa umsaidie.*

Alimpigia papo hapo.

"Nani kilema wako?"

"Mpenzi, umeiona hesabu? Elfu tatu! Nilitaka kukusaidia."

"Ulitaka kunisaidia, ukaniuza. Mimi nauza viatu, siuzi huruma. Futa. Kisha uwaambie uliowadanganya ukweli wote. Mpaka hapo, usinipigie."

Alifuta. Kuwaambia, hakuwaambia.

"Ungeacha tu," shangazi alinung'unika. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Hawa wamekuja kunililia, shangazi. Sijafa."

Siku hiyohiyo, vidole vikinuka gundi, alifungua blogu kwenye tovuti yake. *Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kwa sentimita nne. Leo nitakuonyesha ninavyoijenga soli yake.* Akapiga picha, mguu juu ya meza ya kazi, kidevu juu, macho yakimtazama msomaji usoni. Kesho yake akaeleza kwa nini mguu upimwe jioni, ukiwa umeshavimba. Keshokutwa, kwa nini kiatu kipya huuma kisigino. Kila mara aliweka kipande mitandaoni. Aliyetaka kilichobaki alikifuata kwenye tovuti.

Mmoja akamwandikia, *Ficha mguu huo, unatisha.*

Akajibu, *Huu ndio unaonilisha. Wako unakufanyia nini?*

Wiki ya kwanza tovuti ilipata wageni kumi na tisa. Ya pili, muuguzi anayesimama kutwa wodini aliagiza jozi. Akaja bibi harusi mwenye miguu mikubwa, akawaleta dada zake wote. Mwezi wa tatu wateja walikuwa wakisubiri zamu kwa wiki sita.

Ndipo oda moja ikaingia. Kwenye fomu, penye *Tatizo la mguu*, pameandikwa: *Miguu mizima. Tatizo ni mdomo.*

Akamtambua mara moja, akajibu: *Mdomo hatushoni.*

*Basi soma ukurasa wangu.*

Akausoma. *Nilimwita kilema fundi anayesimama wima kuliko mimi. Nilidanganya ili nionekane hodari. Hahitaji msaada wenu. Mwenye shida ya kiatu kizuri ndiye anayemhitaji.* Chini yake wafuasi walimzomea, na kampuni moja ilitangaza haitamtumia tena. Hakufuta hata neno.

Akampigia. "Miezi mitatu ulikuwa wapi?"

"Nilijificha. Nilisoma kila ulichoandika, nikaona haya. Nilikuwa mwoga, Fundi."

"Njoo kesho mchana."

Alikuja na koti la kijivu, karakana imejaa wateja na mlio wa nyundo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," shangazi alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye ngozi aliyokuwa akikata.

"Fundi, nilikukosea mbele za watu, nami nakuomba mbele za watu. Nisamehe. Na ukiweza kunisamehe, nikubalie niwe mumeo."

Simu zikainuliwa kama mikono darasani.

"Simu chini, jamani!" fundi alisema, na zikashuka.

"Atakutangaza tena huyu," shangazi alionya.

"Hatathubutu." Akamgeukia, macho yamemlowa lakini sauti kavu. "Nimekusamehe, na nimekubali. Ila karakana ni yangu, na habari ya harusi naandika mimi."

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe leo nyamaza, laazizi, kama utaweza."

Bwana Maneno akajiziba mdomo kwa viganja viwili, karakana nzima ikaangua kicheko, hata shangazi. Fundi alifuta gundi mikononi, akavuta kigoda, akaandika:

*Nimeposwa leo, na nimekubali kwa kupenda mwenyewe. Mwenye pole ageuze njia. Mwenye hongera aje, tupo wazi mpaka saa kumi na mbili.*