Mlango wa Nyambizi

Kasiani ni jirani yangu hapa Chamazi, anachonga vinyago, na si mtu wa porojo. Rafiki yake Suleiman, aliyekuwaga mpiga mbizi bandarini, alimwomba amchongee nyambizi ndogo ya kuweka sebuleni kwake Temeke. Alisisitiza jambo moja: mlango wa juu uonekane umefungwa.

Kasiani aliichonga yote kwa gogo moja la mninga, mlango na mpini wake humo humo. Jioni moja alikuwa anapima vioo vya kasha la kuiwekea, umeme ukakatika. Gizani akasikia mti unalia taratibu, kama kitu kikavu kinachozungushwa. Akaenda kushika mlango wa banda, umetulia. Mlio ukaendelea nyuma yake, mezani ilipokuwa nyambizi.

Simu ikaita. Ni Suleiman.

“Braza, ule mlango umeufunga?”

“Sule, ule ni mti mtupu. Haufunguki.”

“Mie nakuomba uutazame tu.”

Mlio ukakoma. Kasiani akawasha tochi ya simu, akainama. Mpini alioulaza kukatisha mlango, kuonyesha umefungwa, ulikuwa umegeuka, umeelekea mkiani. Akausukuma kwa kidole gumba. Haukusogea. Ulikuwa bado gogo lile lile moja.