Mzigo Mwekundu wa Gulwe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Adija alimsaidia mama yake kukanda unga wa chapati katika mgahawa wao mdogo, mkabala na stesheni ya Gulwe. Mikono ikiwa kwenye unga, masikio yake yalikuwa relini. Treni ikipiga honi kutoka upande wa Kilosa, alijua kabla haijatokeza kama ni ya abiria au ya mizigo, na kama inavutwa na kichwa kimoja au viwili. Ikitokeza, aliyataja mabehewa yake: haya ya mafuta, yale ya saruji, yale ya makontena. Wateja waliokunywa chai walipenda kumjaribu, naye alikosea mara chache sana. Mama yake, Bi Shamila, alizoea kusema kwamba watoto wa Tanga wana meli zao za kutazama bandarini, na bandari ya binti yake ni stesheni.

Shuleni sifa hizo zilimpa Adija marafiki wengi, hadi alipofika Henry. Baba yake Henry alikuwa fundi wa reli aliyehamishwa kutoka Tabora, na Henry naye aliyajua mabehewa. Walichukiana tangu wiki ya kwanza. Adija akisema hivi, Henry alisema vile. Darasa la sita liligawanyika pande mbili. Wakati wa mapumziko watoto walikusanyika nyuma ya madarasa, mahali reli inapoonekana. Hawakwenda tena kufurahia treni. Walikwenda kuona nani ataaibika.

Mwezi wa Machi mvua ilinyesha kwa nguvu, na maji yakabomoa tuta la reli upande wa Msagali. Treni moja ya mizigo ilisimamishwa Gulwe kusubiri matengenezo. Hakuna aliyewahi kuona treni ya namna ile. Juu ya mabehewa bapa yalilazwa mabamba makubwa ya chuma, yamepinda kama mbavu za ng'ombe na kupakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Bamba moja lilikuwa na namba nyeupe zilizopangwa kutoka chini kwenda juu. Behewa la mwisho lilibeba kitu kikubwa kilichofunikwa kwa turubai na kufungwa minyororo.

Baada ya masomo Adija alikwenda kutazama kwa karibu. Mlinzi wa mzigo, mwanamume mrefu aitwaye Zablon, alimtokea akiwa na rungu. Adija alimwamkia, lakini hakuitikiwa. Alipouliza ni mzigo gani, Zablon alimkazia macho.

“Nyie ndio mnaotumwa na wazazi wenu kuja kuchungulia vyuma vya kuiba,” alisema. “Ondoka hapa kabla sijakuvunja mguu.”

Adija aliondoka kwa hofu na hasira. Ng'ambo ya reli alimwona Henry na wenzake. Walikuwa wamesikia yote.

Kesho yake Henry alimngoja mbele ya darasa zima. “Haya, mtaalamu,” alisema. “Tuambie kile ni kitu gani. Au ulikimbia kabla hujaona?”

Watoto walicheka, hata wale wa upande wa Adija. Ukweli ni kwamba hakujua, na angeweza kusema hivyo. Lakini kicheko kile kilimchoma. Alijibu kwamba alirudi stesheni jioni, na mlinzi akamweleza kwa siri. Yale yalikuwa matangi ya sumu ya migodini, alisema, na zile namba zilionyesha ukali wa sumu yenyewe. Ndiyo maana mlinzi hakutaka mtu asogee. Hapo kicheko kilikatika. Henry alisema huo ni uongo, lakini hakuwa na jibu lake mwenyewe, wenzake wakamzomea. Adija alirudi nyumbani akijiona ameshinda.

Maneno yale hayakubaki shuleni. Watoto waliwaambia wazazi wao, na wazazi wakaambiana sokoni na kisimani. Mvua iliendelea kunyesha juu ya vyuma, maji yenye wekundu yakadondoka mtaroni, na mtaro ule ulielekea bondeni ambako wafugaji walinywesha mifugo. Maji ambayo watu wangeyapita bila kuyatazama sasa yaliwatisha. Wanawake waliacha kumuuzia Zablon mboga. Kisimani walimwaga maji ya ndoo yake na kumwambia arudi kwenye sumu yake. Bi Shamila naye, kwa kuyaamini maneno yale na kuogopa kupoteza wateja, alimwambia kwamba chakula kimekwisha.

Adija alimwona mlinzi akiondoka mlangoni akiwa na bakuli tupu. Alitaka kusema ukweli, lakini akaingia ndani. Alijituliza kwamba treni itaondoka karibuni, na maneno yale yataondoka nayo.

Kisha mbuzi wa mzee Silvano wakafa. Silvano alikuwa mfugaji aliyeishi bondeni na wajukuu wake, na maziwa ya mbuzi wale ndiyo waliyoyanywa kila siku. Alikuja stesheni amembeba mmoja begani, akamtupa chini mbele ya Zablon. Nyuma yake walijaa watu wenye fimbo. Mkononi alishika kibuyu cha maji aliyoyachota mtaroni.

“Kunywa,” alisema, akimnyooshea Zablon kibuyu. “Kama hakuna sumu, kunywa tuone.”

Zablon alisema hana habari ya sumu yoyote. Mtu mmoja akamwambia asijifanye, kwani ni yeye mwenyewe aliyetoboa siri kwa binti wa Bi Shamila. Zablon alikana, wakamwita mwongo. Jiwe la kwanza liligonga behewa. La pili lilimpata kichwani. Alipiga goti, damu ikamtiririka hadi jichoni, huku akiwa bado ameng'ang'ania rungu lake.

Adija alikuwa mlangoni mwa mgahawa pamoja na mama yake. Alipoiona damu alikimbia. Alijipenyeza katikati ya watu hadi mbele, akasimama baina ya Silvano na mlinzi.

“Hakuniambia kitu,” alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi arudie. “Huyu baba hakuniambia kitu chochote. Nilitunga mimi. Sijui hata mle ndani mna nini.”

Hasira ya watu ikamgeukia yeye. Mwanamke mmoja alimvuta sikio. Wengine walisema achapwe palepale. Bi Shamila alifika akihema, akamshika mwanawe mkono. Hakumtetea, ila hakumwachia.

Kelele zilikuwa zimemfikia mwenyekiti wa kijiji, akaja pamoja na Edina, afisa mifugo wa kata. Edina alimwinamia mbuzi. Aliomba kisu, akampasua mbuzi tumbo mbele ya watu wote. Tumbo lilikuwa limejaa majani ya mtama mchanga. Alimuuliza Silvano mbuzi walichungwa wapi siku iliyopita. Mzee alimgeukia mjukuu wake mkubwa, na kijana akainamisha kichwa. Alikiri kwamba mbuzi walimponyoka, wakaingia katika shamba ambalo mtama wake ulikauka kwa jua, kisha ukachipua upya mvua iliporudi. Wafugaji waliokuwapo walitazamana. Wote walijua kwamba chipukizi kama zile huua mifugo. Silvano alikiinamisha kibuyu, akayamwaga maji chini polepole.

Bi Shamila alichana upande wa kanga yake, akamfunga Zablon kichwa. Alipoweza kusimama, mlinzi alifungua minyororo, akalivuta turubai. Chini yake kulikuwa na pangaboi kubwa la shaba, na kila bawa lilikuwa refu kuliko mtu mzima. Watu walirudi nyuma hatua kadhaa. Henry alitazama, Adija alitazama, na hakuna kati yao aliyekijua.

Zablon aliwaambia kwamba ile ni meli. Ilikuwa imeletwa vipandevipande, inapelekwa Kigoma kuunganishwa kando ya ziwa. Lile pangaboi ndilo litakaloisukuma majini. Yale mabamba yaliyopinda yatakuwa ubavu wake, na zile namba nyeupe zitaonyesha meli imezama kiasi gani ikishapakiwa mizigo. Wekundu wa majini, alisema, ni kutu ya minyororo tu. Wengi pale hawakuwahi kuona meli maishani mwao. Waliizunguka bila kuigusa, na aliyerusha jiwe hakujitokeza.

“Niliamriwa nisiruhusu watu kusogea,” Zablon alisema, akimtazama Adija. “Sikukatazwa kuitikia salamu. Hilo ni kosa langu. Lakini hili la kichwani ni lako, binti.”

Adija alimwomba radhi huku akilia. Henry alikuwa karibu. Adija alitarajia dhihaka, lakini Henry alisema tu kwamba yeye pia hakujua, na angeulizwa angeapa kuwa ni matangi ya maji. Kisha akaenda zake.

Jioni hiyo Bi Shamila alimpeleka binti yake bondeni kwa mzee Silvano. Adija alipiga goti, akaamkia na kuomba msamaha. Mzee aliitikia “Marahaba” kwa ukavu, akabaki amelitazama zizi lake.

“Mbuzi wangu wameuliwa na mtama,” alisema hatimaye. “Hilo sikulaumu. Lakini leo kidogo niue mtu kwa ajili ya neno lako. Nenda. Nikipoa nitakusamehe.”

Waliondoka bila kukaribishwa kukaa. Njiani mama alimwambia kwamba hadi treni itakapoondoka, yeye ndiye atakayempelekea Zablon maji na chakula kila siku, na watu wakimsema asijibu. Adija alikubali. Kisha akauliza kwa nini watu wazima wote wale walimwamini yeye, mtoto, bila hata kwenda kutazama.

“Kwa sababu umewaambia kweli mara nyingi,” mama alijibu. “Angesema mtoto mwingine, wangecheka. Nami pia nilikuamini, nikamnyima chakula mtu mwenye njaa, na hilo nitamwomba radhi mwenyewe. Kutojua si aibu, Adija. Kila mtu hufika mahali asipojua. Lakini mtu akishaaminiwa, neno lake lina uzito wa jiwe, na hajui litamwangukia nani. Ukiulizwa usichokijua, sema sijui. Watakucheka siku moja, lakini hakuna atakayetoka damu.”