Kidole cha Pete

Kocha alikutwa amelala chali kando ya benchi la mazoezi ya kifua katika jimu yake, saa mbili na nusu asubuhi, taulo likiwa bado begani. Chuma alichokuwa akinyanyua kilikuwa kimerudishwa vizuri mahali pake. Hakukuwa na jeraha wala tone la damu sakafuni. Mwili wenyewe ulikuwa wa kupigiwa mfano, kilo mia moja na kumi na mbili za misuli, na sasa ulikuwa umelala pale kama mzigo ambao mwenyewe hajaja kuuchukua.

Inspekta aliuzunguka mara mbili bila kugusa kitu. Nyuma yake alifuata konstebo wake, daftari mkononi.

"Nani alimkuta?"

"Wanafunzi wake wawili, afande," konstebo alijibu. "Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Haukufungwa."

"Kuna kilichoibwa?"

Konstebo alisita. "Karatasi moja."

Akaelekeza kalamu ukutani. Palikuwa na ubao mpana uliofunikwa kwa kitambaa chekundu, juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa: UBAO WA MIOYO. Utaratibu ulikuwa wa Kocha mwenyewe. Kila aliyetaka kushindana kutunisha misuli alipaswa, kila baada ya miezi mitatu, kuagiza kipimo cha damu cha binafsi: lehemu, yaani mafuta ya kwenye damu, sukari, figo, wingi wa damu. Matokeo yakija, yanabandikwa pale kila mtu ayasome. Ya Kocha yalikaa juu kabisa, katikati. Sasa palikuwa na pini moja tu, nayo imeshika kipembe cha karatasi iliyochanwa kwa haraka. Kwenye kipembe ilisomeka nambari: 2214.

"Labda matokeo yalikuwa mabaya," Inspekta alisema.

"Hapana, afande. Sote tunaofanya mazoezi hapa tuliyasoma. Yalikuwa safi."

Sasa hapo ndipo Inspekta alipokuna kidevu. Mtu huficha karatasi mbaya. Karatasi safi ataificha kwa nini?

Macho yake yakashuka mstari wa pili, yakatua kwenye karatasi ya konstebo wake mwenyewe, iliyobandikwa kwa pini nne, kila pembe moja. Akaisoma juujuu, akatabasamu.

"Kumbe hata ndani uko safi, Njiti. Unanipa sifa."

Njiti ndilo jina alilompa yeye, miaka mitatu nyuma, siku kijana huyo aliporipoti kituoni akiwa mwembamba, shati la sare likimpwaya. Mbele ya gwaride zima Inspekta alimwamuru asisimame karibu na mlingoti wa bendera, watu wasije wakakosea wakapandisha bendera kwake. Kituo kizima kilicheka. Leo mikono ya kijana ilikuwa imejaa hadi mishono ya shati ilikuwa inaomba msaada, na Jumamosi alikuwa anapanda jukwaani kushindana. Inspekta alikuwa ameshatangaza kila ofisi kwamba wataenda wote kumshangilia.

"Asante, afande," Njiti alisema, akainamia daftari lake.

Saa sita mchana daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Hakuuawa na mtu. Moyo umetanuka, mishipa yake imeziba kama ya babu wa miaka themanini. Matakoni ana makovu ya sindano kwa makumi. Alikuwa anajidunga homoni, na si jana wala juzi."

"Saa ngapi?"

"Kati ya kumi na mbili na saa moja asubuhi. Alikufa papo hapo."

Jalada lingeweza kufungwa pale pale. Inspekta alimwacha Njiti na ufunguo wa jimu alinde eneo, akaifuata ile nambari hadi maabara ya binafsi iliyofanya kipimo.

Mtaalamu wa maabara alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Ofisi yake ilinuka spiriti. Juu ya jokofu la sampuli palikuwa na visanduku vidogo vyeupe vimepangwa.

"Kuna njia mbili za kupimwa hapa," alieleza. "Ya kwanza, unakuja, naangalia kitambulisho chako, natoa damu mshipani. Ya pili ni hiki kisanduku. Unajichoma kidole nyumbani, unajaza kichupa, unatuletea. Watu wa misuli wanakipenda hiki. Ni ghali zaidi na hakipimi zaidi."

"Sasa kwa nini wanakichagua?"

"Kwa sababu hakina macho, afande."

Akafungua matokeo ya 2214 kwenye kompyuta yake. Akayatazama kwa muda.

"Marehemu alikuwa na kilo ngapi?"

"Mia moja na kumi na mbili."

"Basi hii si damu yake. Kuna kitu kinaitwa kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli. Mwenye nyama nyingi huwa nayo nyingi hata akiwa mzima wa afya. Hapa ni hamsini na mbili. Halafu damu ni pungufu, wakati wanaojidunga homoni damu yao huwa nzito. Huyu kwa vyovyote ni mwanamke, tena mwembamba. Anahitaji chuma, lakini si kile cha kunyanyua."

Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. Akavua miwani.

"Nikwambie ukweli, naona haya. Nililiona hili wiki iliyopita. Vilikuja visanduku viwili kutoka jimu ile, nambari zinafuatana, 2214 na 2215, damu ile ile. Nilishika simu nipige. Halafu nikajiambia mteja karidhika, mimi ni nani nimharibie siku yake. Nikaiweka chini."

"Cha pili ni cha nani?"

"Wanajiandikisha kwa majina ya utani, na la mtu aliye hai sikupi bila hati ya mahakama. Ila mtafute. Karatasi yake inasema mzima, na moyo wake hakuna aliyeuangalia. Asinyanyue kitu kabla hajapimwa kweli."

"Mashindano ni Jumamosi."

"Na leo ni Alhamisi," mama yule alisema.

Akiwa njiani Inspekta alimpigia tena daktari.

"Vidole vya marehemu vina kitundu cha kuchomwa?"

"Sugu tupu. Hakuna hata kimoja."

Alifika jimu mbio. Kazi ilikuwa nyepesi: atafute karatasi yenye nambari 2215, amjue mwenyewe, ampeleke hospitali. Utepe wa polisi ulikuwa mzima mlangoni. Njiti alifungua kwa ufunguo wake, akasimama pembeni.

Mstari wa pili ulikuwa na pengo.

Pini nne zilikuwa zimerudishwa kwenye kitambaa, kila moja mahali pake, kwa unadhifu wa mtu anayeheshimu kazi ya umma. Inspekta alizitazama kwa muda mrefu. Alijua ni karatasi gani iliyokuwa pale. Asubuhi ile ile aliisifia kwa mdomo wake.

Angeweza kugeuka na kuuliza. Hakugeuka. Masikio yake yalikuwa ya moto, na kichwani mwake aliuona ule mlingoti wa bendera, na kijana mwembamba akicheka pamoja na waliokuwa wakimcheka, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Inspekta aliona aibu, akaogopa kuigeukia. Hiyo ndiyo kweli yake, na aliyekuwa mpelelezi kwa miaka ishirini na sita hakuweza kujidanganya juu ya hilo.

"Twende kwa mjane," alisema. "Utaandika wewe."

Mjane wa Kocha alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza ya kukatia, chaki, na chupi za mashindano za vitambaa vya kung'aa, zimekatwa tayari kwa Jumamosi. Katika chumba cha pili ndugu walikuwa wakizungumza kwa sauti za chini. Mjane mwenyewe alikuwa mwanamke mwembamba, midomo imepauka.

"Pole sana, mama," Inspekta alisema.

"Asante, afande."

"Pole, shemeji," Njiti alisema. Mjane alimtazama, akaondoa macho haraka.

"Naomba nione mikono yako," Inspekta alimwambia.

"Mimi ni fundi, afande. Sindano zinanichoma kila siku."

"Mke wangu naye anashona. Fundi huchomwa gumba na kidole cha shahada, mkono ule unaoshika kitambaa. Hebu fungua."

Aliifungua polepole juu ya meza. Ubavuni mwa ncha ya kidole cha pete, mkono wa kushoto, palikuwa na kitundu kikavu, juu ya pete yenyewe. Mkono wa kulia, kidole kama hicho, kingine.

"Tangu lini?"

Mabega yakamshuka.

"Miaka miwili. Ubao ule aliuweka yeye, baada ya mtu mmoja kuzimia pale jimu. Alisema kila mtu aweke moyo wake hadharani. Akapima na wake. Majibu yakarudi. Alikaa hapo ulipokaa wewe, akaisoma karatasi, akaikunja, akaikunja, ikawa kama kidonge. Akasema, 'Mke wangu, hawa nimewaambia misuli hii ni mayai na jasho.' Akalia. Halafu akanishika mkono. 'Nipe kidole, mara moja tu.'"

"Ulimpa mara ngapi?"

"Hii ya nane."

"Hukumwambia aende hospitali?"

"Nilimwambia hadi nikachoka. Alisema mjini hapa hospitali gani ambayo hawamjui? Angesimamaje kwenye foleni, Kocha mzima?" Akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa mezani. "Watu thelathini walikuwa wanamwita baba. Nilimhifadhia aibu yake. Nilidhani ndiyo kazi ya mke."

"Na leo asubuhi?"

"Saa mbili nilimpelekea chakula. Nikamkuta chini. Nikamwita." Akakiminya kile kipande cha kitambaa. "Halafu nikaenda ubaoni."

"Kabla ya kumgusa?"

"Kabla ya kumgusa. Niliwaza mtamfungua, mtaona ndani, na ukutani kuna karatasi inasema moyo mzima. Watamcheka. Nikaichana, nikaitia kwenye sidiria, ndipo nikamrudia. Alikuwa wa baridi. Nikaogopa, nikakimbia nyumbani. Sijui kama alikuwa hai nilipompita, afande. Nilimruka mume wangu nikakimbilia karatasi."

"Daktari anasema alikufa papo hapo. Saa nzima kabla hujafika."

"Unanifariji."

"Nakusomea taarifa, mama. Hayo ndiyo yaliyoandikwa."

Hapo alilia sawasawa, kichwa juu ya meza. Inspekta alisubiri. Kalamu ya Njiti ilikuwa ikikwaruza karatasi bila kupumzika, kama vile aliogopa ikisimama kitatokea kitu.

"Na kidole cha pili?" Inspekta aliuliza.

Kalamu ikasimama.

Mjane aliinua uso. "Huyo alikuja mwenyewe na kisanduku chake. Mume wangu hakujua. Alisema anaona aibu kupima damu yake."

"Aibu ya nini?"

"Alisema kazini kwake kuna mkubwa wake, alimpa jina la kumdhalilisha siku ya kwanza tu. Sasa mwili umejaa, mkubwa huyo anajisifu kwa ajili yake kila mahali. Ikijulikana anajidunga, atarudi kuwa lile jina. Alisema bora kufa kuliko kuitwa vile na mtu yule tena."

"Anaitwa nani?"

"Simtaji. Nimeshamvua nguo mmoja leo."

Inspekta alitazama meza. Alikuwa na la kusema.

"Ni mimi, afande," Njiti alisema.

Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nyingi, akaiweka juu ya meza karibu na chaki.

"Unajidunga tangu lini?"

"Miezi saba."

"Unasikia nini?"

"Nikipanda ngazi za kituo kifua kinabana. Nilidhani ni wasiwasi."

"Jumamosi hupandi jukwaani."

"Sawa, afande."

"Na kuondoa kielelezo kwenye eneo la tukio, hilo utalijibu."

"Najua."

Inspekta alivuta daftari kutoka mikononi mwa kijana. Alijaribu kuandika, akaacha.

"Lile jina nilikupa mimi."

"Ulikuwa utani tu, afande."

"Haukuwa utani. Nilitaka watu wacheke, na wakacheka. Nitaliandika nalo, lisomwe pamoja na mengine." Sauti ilikuwa ya mtu anayejisomea mashtaka yake. "Nisamehe."

Njiti aliitikia kwa kichwa, machozi yakimdondokea kwenye vifungo vya sare. Mjane alisukuma kile kipande cha kitambaa upande wake.

Saa kumi jioni walikuwa maabara. Mama wa miwani aliwatazama wote wawili, akaelewa, na hakuuliza. Vile visanduku vyeupe hakuvigusa. Alifunga mpira juu ya mkono ule mnene, akapapasa mshipa, akaandaa sindano.

"Kitambulisho," alisema. "Na jina lako kamili. Hapa siandiki la utani."

Konstebo alilitaja: lake, la baba yake, la babu yake. Inspekta, aliyekuwa amesimama mlangoni na daftari, alilisikia lote kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu.

"Lirudie taratibu," alimwomba. "Nataka niliandike bila kukosea."