Waya wa Kitu Kisicho na Waya

Kila asubuhi Fundi Bomba alipanda ngazi tano kwenda chumba cha nyuma, kikombe cha chai mkononi, huku akilalamika kwamba ngazi zimeongezeka. Mkewe, aliyelala humo, alicheka kila siku. Alikuwa amevunjika nyonga. Mfupa ulikuwa umeungwa, lakini mguu ulikuwa mzito bado.

"Alhamisi hii usinikoseshe," mkewe alimwambia. "Daktari wa viungo amesema bila mazoezi mguu utakakamaa. Sitaki kumaliza maisha yangu nikiangalia dari."

Daktari huyo alikaa mbali. Aliwaelekeza wagonjwa kwa simu, wakionana kwa picha. Tatizo ni kwamba simu haikushika mtandao chumba cha nyuma. Alhamisi iliyopita walijaribu kumshusha mama hadi barazani. Ngazi ya pili tu alilia kwa maumivu, wakamrudisha. Fundi Bomba hakula siku ile.

Nyumba yenyewe ilikuwa na mtandao. Boksi la mtandao lilikaa sebuleni, na waya zilipita ndani ya mabomba aliyoyafukia ukutani kwa mikono yake. Waya mmoja ulifika mpaka chumba cha nyuma. Lakini simu haina tundu la waya wa namna hiyo.

Jumanne alikwenda dukani. Muuzaji akampa kiboksi chenye antena mbili.

"Hii ni ruta ya mtandao usio na waya, mzee. Simu itashika yenyewe."

Usio na waya! Fundi Bomba alirudi nyumbani akitembea kama bwana harusi. Kama ni bila waya, waya ukae ukutani kufanya nini? Akauvuta wote kutoka chumba cha nyuma. Na kwa kuwa kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imeoza, akaufunga waya huo uani, akaanika mashuka.

Kisha akaweka ruta juu ya kabati, akaichomeka kwenye umeme. Taa zikawaka. Simu ikaonyesha jina la ruta. Lakini alipompigia daktari, simu iligoma.

"Labda inapasha moto kwanza," alisema.

"Tangu jana?" mkewe akauliza. Hakucheka. Ilikuwa Jumatano alasiri, na daktari alikuwa akiwasubiri kesho saa nne asubuhi.

Jirani yao, mwalimu wa kompyuta, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Akaitazama ruta, akaizungusha.

"Waya wake uko wapi, baba?"

"Waya wa nini tena, mwanangu? Si wamesema haina waya?"

Mwalimu akachungulia dirishani. Akaona mashuka mawili na fulana zikining'inia kwenye waya wa buluu. Alicheka mpaka akaketi kitandani kwa mgonjwa.

"Samahani, baba. Bila waya ni kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu. Ruta yenyewe lazima iletewe mtandao kutoka boksi la sebuleni. Na unaoleta ni ule waya ulioanikia fulana."

Fundi Bomba akajipiga paji la uso.

"Kumbe hii ni koki tu! Nimefunga koki, nikang'oa bomba!"

"Hapo umepata, baba."

Aliona aibu, lakini aibu haikumkalisha. Alianua nguo mbio mbio. Mwalimu akakata ncha zilizochubuka, akafunga vichwa vipya kwa koleo lake, akaupima waya. Ulikuwa mzima. Fundi Bomba akaupitisha tena ndani ya bomba la ukutani. Hapo hakuhitaji kufundishwa na mtu.

"Ngoja, usichomeke bado," mwalimu alisema. "Kila simu na kompyuta hupewa namba yake. Boksi la sebuleni ndilo linalogawa. Na hii ruta nayo inataka kugawa. Wakigawa wawili, vifaa vitachanganyikiwa."

"Tangi liwe moja," alisema Fundi Bomba.

"Ndiyo. Kwa hiyo kwenye mipangilio ya ruta ninazima kazi ya kugawa namba. Naipa na anwani yake yenyewe, isifanane na ya boksi. Sasa weka neno la siri refu, mtaa mzima usije kunywea kwenye koki yako."

Mwisho akamwonyesha matundu ya nyuma. Manne yalifanana, moja lilikuwa na rangi tofauti na limejitenga. "Waya uingie kwenye moja la haya manne. Hilo la peke yake liache."

Fundi Bomba alichomeka. Mara simu ikalia mlio wa ujumbe, kisha mwingine, kisha mitano kwa pamoja.

Kesho yake saa nne, daktari alionekana kwenye simu, picha safi. "Mama, inua mguu kidogo. Kidogo tu." Mguu ukainuka upana wa vidole viwili. Fundi Bomba akageukia ukutani kufuta machozi, akisingizia anakagua waya.

Mazoezi yaliendelea kila Alhamisi. Mwezi wa tatu wa mazoezi mkewe alizishuka ngazi zote tano kwa fimbo, akaenda uani na beseni la nguo. Kabla ya kuanika, akaishika kamba, akaivuta.

"Baba watoto, hii ni kamba kweli?"

"Kamba, mke wangu. Nimeinunua mwenyewe."

"Haya," alisema, akaanika shati la mumewe.